Kabati la Vyombo vya Wageni

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kitu cha kwanza kinachompokea mgeni sebuleni ni kabati la vioo. Ndani yake zimepangwa sahani za maua, glasi za miguu, bakuli la supu lenye kifuniko chake, na seti ya vikombe ambavyo vimeguswa mara chache tangu vitoke dukani. Juu ya kabati kimetandikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na juu ya kitambaa ipo redio iliyonyamaza zamani. Wenye nyumba wenyewe hunywea chai vikombe vya plastiki vilivyoko jikoni. Vya kabatini ni vya wageni, na kwa kuwa mgeni wa kustahili vikombe hivyo haji kila siku, vimekaa humo hadi watoto wamekua, wameoa na kuolewa, na sasa wanarudi likizo wakiuliza kwa nini nyumba ya mama imejaa namna hii.

Swali hilo linaulizwa sana siku hizi, na wanaouliza si wakorofi. Wengi wamepanga vyumba viwili Kinyerezi au Ongata Rongai, kodi wanailipa kwa taabu, saa nyingi zinaishia barabarani, na wakirudi jioni wanakuta vitu vimewatangulia kila mahali. Wanatamani nyumba ambayo mtu akiingia anaiona sakafu. Wanatamani maisha yenye mambo machache: nguo chache, madeni machache, vichache vya kufuta vumbi. Hamu hiyo inastahili heshima, maana vitu vina kazi zake. Kila kilichoingia ndani lazima kifutwe, kihamishwe, kikingwe na panya, kiokolewe paa linapovuja. Katika nyumba nyingi anayeifanya kazi hiyo ni mwanamke, na hakuna anayemhesabia.

Wapo waliojaribu kuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia katika nyumba 32 za familia za tabaka la kati mjini humo, wakapiga picha, wakaorodhesha mali na kufuatilia jinsi watu wanavyoishi katikati yake. Kitabu chao kilitoka mwaka 2012. Katika nyumba ya kwanza waliyoihesabu, vyumba vitatu tu, viwili vya kulala na sebule, vilikuwa na vitu 2,260 vinavyoonekana kwa macho, bila kufungua droo wala kabati. Gereji tatu katika kila nne hazikuwa na nafasi ya gari. Kutokana na mradi huohuo, Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kupima mate ya wanandoa, wakitafuta kortisoli, homoni inayopanda mwili unapoelemewa. Kwa kawaida homoni hiyo hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wake walioieleza nyumba yao kuwa imejaa vurugu na kazi zisizokwisha, haikushuka inavyotakiwa. Kwa waume, hali ya nyumba haikuonyesha athari ya namna hiyo.

Mama wa Temeke hahitaji kupimwa mate ili ayajue hayo. Hata hivyo nyumba ya Los Angeles na nyumba ya Temeke hazikujaa kwa sababu moja. Kule bidhaa ni rahisi na mkopo uko karibu. Watafiti walewale wanaeleza kwamba Marekani ina takriban asilimia 3 ya watoto wa dunia, lakini hununua kiasi cha asilimia 40 ya vitu vya kuchezea watoto. Nyumba ya Temeke imejaa akiba. Wala haikuanza kujaa jana.

Mwenye miaka sitini na kitu leo anaikumbuka vizuri miaka ya uhaba. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, mafuta yalikuwa yamepanda bei, fedha za kigeni zikaisha, na viwanda vya ndani vikasimama kwa kukosa vipuri na malighafi. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa nchi ya foleni. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula, kitenge, dawa ya meno, vyote viliadimika. Familia ilijiandikisha katika duka la kaya na kusubiri mgawo. Mtu akiona foleni alijiunga kwanza, halafu ndipo akauliza kinachouzwa. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na nyumba iliyokuwa na bidhaa nyingi ikawa na la kujibu. Wapo waliotoka usiku kwenda kutupa makatoni vichakani na baharini kwa hofu ya kukutwa nayo.

Aliyekulia humo alijifunza kuweka, tena kuweka kwa siri. Chini ya kitanda. Juu ya dari. Nyuma ya pipa la maji. Kisha milango ikafunguliwa: bajeti ya 1984/85 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimbatiza Mzee Ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamiminika, na kilichokuwa hakipatikani kikaanza kuuzwa hadi barazani. Lakini funzo la foleni halikufutika. Hadi leo yupo mama anayetumwa na haja ya mche mmoja wa sabuni akarudi na mitatu, na akiulizwa atajibu kwa methali aliyoipokea kwa mama yake, kwamba akiba haiozi. Kumwambia mtu huyo kwamba vitu vingi vinamnyima raha ni kumkosea. Aliwahi kuishi bila vitu, na anajua raha iliyokuwemo.

Hofu ya kukosa nayo hailishwi na kumbukumbu peke yake. Jikoni kwa familia ya kawaida ya Dar es Salaam kuna majiko manne: la umeme, la gesi, la mafuta ya taa lililopigwa teke kando, na la mkaa. Kwa mtazamaji wa video za nyumba nyeupe zisizo na vitu, matatu kati ya hayo ni takataka. Kwa mpishi, kila moja lina siku yake. Umeme wa LUKU unakatika saa kumi na mbili jioni. Mtungi wa gesi unaisha katikati ya maharage. Mkaa ndio unaomaliza kazi. Bafuni mna madumu manane na ndoo tano kwa sababu maji hutoka kwa ratiba, na ratiba hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka na jiji zima likaingia mgao. Mwaka 2023 umeme nao uliingia mgao, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Kijana anayeishi Tokyo na masanduku mawili anaweza kufanya hivyo kwa kuwa bomba lake halikauki na duka la kona halifungwi usiku. Stoo yake iko nje, inatunzwa na mji. Mji usiotunza stoo ya namna hiyo humlazimisha kila mkazi awe na yake, na hapo lawama zikimwendea mama mwenye madumu zimekosea nyumba.

Hilo linafaa kusemwa na watu wanaopanga miji, maana mara nyingi maisha mepesi huzungumzwa kana kwamba ni tabia ya mtu binafsi: huyu ana nidhamu, yule anang'ang'ania. Maji yakitoka kila siku kwa mwaka mzima, madumu yatapungua yenyewe bila semina.

Kabati la vioo ni habari nyingine, na ni ya zamani zaidi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zile za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilijengewa ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vijishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, humo vikiwekwa vyombo vya kauri kutoka China na kwingineko. Sahani hizo zilisafiri kwa pepo za msimu na kuwekwa zionekane, ili aliyeingia ajue amefika kwa watu gani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ukutani. Heshima ya ukoo ilimfuata mtu hadi alipolazwa. Mama anayepanga sahani za maua Mwananyamala anaendeleza kazi hiyohiyo, ajue asijue, na ndiyo maana kijana anayesema "tuuze hili kabati" hushangaa kuona uso wa mama umebadilika.

Marie Kondo, Mjapani aliyewafundisha mamilioni ya watu kupunguza vitu, ana njia yake. Nguo zote za mtu hurundikwa mahali pamoja, kisha zikashikwa moja moja, na mwenyewe akajiuliza kama inampa furaha. Isiyompa huagwa kwa shukrani. Baada ya nguo hufuata vitabu, kisha karatasi, kisha vikorokoro vya nyumba, na mwisho kabisa vitu vya kumbukumbu, kwa kuwa hivyo ndivyo vigumu. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na kipindi chake cha Netflix kilianza Januari 2019. Upo upole katika njia hiyo ambao wanaomkejeli hawauoni: hachukii vitu, anaviaga. Mwanzoni mwa mwaka 2023, akiwa tayari na watoto watatu, alieleza wazi kwamba nyumba yake haiko nadhifu kama zamani na kwamba muda na watoto una thamani zaidi kwake sasa. Maneno hayo yalipaswa kuwapa nafuu wazazi wengi.

Swali lake linafaa kwa kitu chenye mwenyewe mmoja. Nyumba ya ukoo haina vitu vingi vya namna hiyo. Sufuria la kilo kumi lililoko stoo lilipikiwa pilau ya harusi ya shangazi, limeazimwa na nusu ya mtaa, na binamu aliyeko Morogoro anaamini ni la bibi yake. Furaha ya nani iulizwe? Mtoto wa tatu akilitoa peke yake, kwa nia njema kabisa, atakuwa ameamua kwa niaba ya watu ishirini ambao wengine watalitafuta kwenye arobaini ya mjomba.

Ndani ya chumba cha mama, chini ya kitanda, kuna sanduku la bati. Kufuli lake ni dogo na ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga aliyoivaa. Ukifunguliwa mfuniko inapanda harufu ya karafuu, maana zimetiwa humo kufukuza wadudu, na zinaonekana doti za khanga zimekunjwa mraba, moja juu ya nyingine, hazijakatwa, hazijapindwa. Rangi zake bado zina ule ugumu wa dukani. Zikipapaswa zinatoa sauti. Kwa mtoto anayehesabu nafasi, hizi ni nguo zisizovaliwa, na kanuni ya nguo isiyovaliwa mwaka mzima inajulikana. Mama akiulizwa ataitoa doti moja moja na kuitaja mwenyewe wake. Hii ni ya mjukuu atakapozaliwa. Hii atakwenda nayo kumtunza bibi harusi wa jirani. Hii ameiweka kwa jina lake, yaani maandishi yaliyoandikwa juu yake, na kuna mtu siku moja atapelekewa. Na zile mbili za chini kabisa, zilizofungwa peke yake, ni za kumsitiri yeye siku atakayooshwa.

Sanduku hilo halina kitu hata kimoja kilichokaa bure. Kila doti ina safari yake, ila siku ya safari haijafika. Mama anayelitunza yuko mbali sana na mtu anayerundika, hata kama kwa nje wote wawili wana chumba kilichojaa.

Yule mwingine naye yupo, na ukweli wake usifichwe kwa kumheshimu mama. Ile televisheni ya chogo iliyoko kona ya stoo haina safari. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, watu wakanunua ving'amuzi, kisha wakanunua televisheni bapa, kisha king'amuzi cha kampuni nyingine, na kila kilichotangulia kikarudi nyuma hatua moja kuelekea stoo. Antena zipo. Deki ipo, pamoja na mikanda yake. Zipo pasi mbili zilizoungua, feni isiyo na panga, simu za batani zilizovimba betri, na chaja ambazo hakuna anayejua ni za nini. Kabla ya Juni 1, 2019, siku Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kila jiko lilikuwa na mfuko wa rambo uliojaa mifuko mingine ya rambo. Katika nyumba nyingine upo hadi leo. Vitu hivi vimewekwa kwa neno moja, kwamba fundi ataviangalia. Fundi haji. Au amekuja, ameviangalia, na amesema kipuri chake hakitengenezwi tena, lakini kitu kimerudishwa palepale.

Hapo ndipo nyumba inaweza kupumua bila kumuumiza mtu, na ndipo pa kuanzia. Kazi imerahisishwa na vijana wanaopita mitaani na guta na kipaza sauti wakitangaza kwamba wananunua chuma chakavu, betri mbovu, friji bovu. Waokota makopo nao hupima plastiki kwa kilo. Ni kazi ya jua kali yenye malipo madogo, na miji ya Afrika Mashariki ingezama katika mabaki yake bila wao. Familia inayotenga siku moja ya kuwaita hao, ikaviondoa vilivyokufa tu na kuviacha vilivyo hai, itashangaa nafasi iliyopatikana kabla hata kabati la mama halijaguswa.

Njia nyingine ya kupunguza imezoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayeihoji: kupeleka kijijini. Sofa limechanika, linafungwa juu ya basi kwenda Korogwe au Siaya. Godoro limebonyea, linapelekwa kwa babu. Mara nyingi ni upendo wa kweli, na godoro lililobonyea linaweza kuwa bora kuliko lililokuwepo. Lakini nenda nyumba za wazee ambao watoto wao wote wako mjini utaona sebule tatu za mjini zimerundikwa katika moja ya kijijini, friji iliyogeuzwa kabati la unga kwa kuwa umeme hauivumilii, na mzee asiye na pa kukaa na wenzake kucheza bao. Hawezi kukataa, maana kukataa zawadi ya mwanao ni kumvunja. Mjini watu wanasema wamerahisisha maisha. Wamehamishia uzito kwa asiyeweza kusema hapana.

Na dunia nzima inafanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Familia ya Birmingham au Ohio ikikunja nguo zake, ikaziaga kwa shukrani na kuzitia kwenye pipa la msaada, sehemu kubwa ya nguo hizo haiishii kwa maskini wa mtaa wao. Huchambuliwa, hushindiliwa kuwa belo, hupakiwa meli, na hushushwa Mombasa au Dar es Salaam kwenda masoko ya Gikomba, Karume, na Owino ya Kampala. Mitumba imevisha vizazi na kuwapa riziki watu wengi mno kusemwa vibaya kwa mkupuo. Anayefungua belo alfajiri akiwa hajui ndani mna nini anahatarisha mtaji wake kila mara. Lakini kisichouzika hubaki hapa. Kingo za Mto Nairobi karibu na Gikomba zimejengeka kwa tabaka za nguo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Majirani wa Rwanda wakarudi nyuma. Rwanda ikasimama, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kabati jeupe la ughaibuni lina mwisho wake, na watu wa huku wameuona kwa karibu.

Kwa hiyo maisha mepesi hayapatikani kwa kusukuma vitu mlangoni tu. Mwalimu Nyerere alijaribu kuyajenga maisha ya kiasi kwa upande wa viongozi. Oktoba 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na Azimio la Arusha la Februari 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na pamoja na unyenyekevu wa maisha yake alikuwa na maktaba kubwa ya vitabu. Vitabu havikumwondolea wepesi. Wazo lake lilikuwa kwamba kiongozi asiyerundika anaweza kuaminiwa. Kilicholichafua wazo hilo ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye akiwa bado madarakani, wananchi walikosa sabuni, na hadi leo mtu akisikia "kuishi kwa kiasi" masikio yake yanasikia duka la kaya. Ni hasara, kwa sababu mtu aliyechagua vikombe sita yuko mahali tofauti kabisa na aliyekosa cha saba.

Wanaotaka kuanza na wazazi wao wana kikwazo cha adabu. Mwandishi wa Sweden, Margareta Magnusson, alitoa mwaka 2017 kitabu kuhusu desturi ya kwao ya mtu kuupunguza mzigo wa nyumba yake angali hai, ili atakapokufa wanawe wasiachiwe kazi hiyo. Mtoto wa Tanga akimwendea mama yake na wazo hilo jinsi lilivyo ataambiwa anachuria. Lakini mama huyohuyo, bila kuambiwa na mtu, ameshaanza. Mkufu alimpa binti mkubwa siku ya harusi yake. Kinu kimekwenda kwa mkwe anayepika vizuri. Kibao cha mbuzi amekigawa tangu aliponunuliwa blenda. Anachohitaji ni kusaidiwa kuendelea, na swali la kumsaidia ni "Mama, hiki tumpe nani?" Kwa swali hilo atakaa chini, atafungua mlango wa kabati, ataeleza sahani zimetoka wapi na nani alizileta, na nusu ya vitu vitapata wenyewe kabla ya magharibi. Swali la "tutupe nini?" litamfanya akae mbele ya kabati azibe njia.

Bado linabaki lile sufuria la kilo kumi, na viti thelathini, na majamvi, na sinia. Hivi ndivyo vinavyokula nafasi hasa, na hakuna familia inayovihitaji zaidi ya mara chache kwa mwaka. Jibu lake limekwishapatikana katika mitaa mingi, na linastahili sifa zaidi ya linazopata. Vikundi vya kufa na kuzikana, vya akina mama na vya majirani, huchanga na kununua kwa pamoja: turubai, viti vya plastiki vyenye herufi za kikundi zilizopakwa rangi ya mafuta mgongoni, masufuria na mifuniko yake, birika kubwa, vikombe kwa dazeni. Katibu ana daftari. Kila kinachotoka kinaandikwa, kikirudi kinahesabiwa mbele ya aliyeazima, na kilichopotea kinalipwa, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Misikitini jeneza ni moja kwa mtaa mzima, humbeba tajiri leo na kesho mchukuzi, na halijawahi kumpungukia mtu.

Vikundi hivi vinadhoofika mahali pengine. Wenye uwezo wanakodi mahema na vyombo kutoka kwa wapambaji, hivyo hawaoni haja ya kuchangia. Wapangaji wanahama kila baada ya miezi sita kabla hawajajulikana. Na kikundi kikiwa na mwenyekiti asiyeaminika, vikombe huanza kupungua na kila mtu hurudi kununua vyake. Hapo ndipo nyumba hujaa tena. Idadi ya viti stoo kwa mtu huonyesha vizuri kuliko maneno yake ni majirani wangapi anaoweza kuwategemea usiku wa msiba.

Kijana wa Kinyerezi anayetamani sakafu tupu angefanya vyema kuuliza, wiki hii, kama mtaa wake una kikundi na kiingilio ni kiasi gani. Akipata, aende na mama yake siku ya mkutano, wakiwa wamelibeba lile sufuria katikati yao, kila mmoja na sikio lake. Katibu ataligeuza aangalie kama linavuja, ataandika jina la aliyelitoa, na atamwonyesha mama mahali litakapokaa, ili shangazi na binamu wa Morogoro wakiuliza wapate kuelekezwa.